Daftari la Viua

Kofia ninayoivaa siku za Ijumaa ilishonwa na wanawake wawili, na mmoja wao nilimdhulumu mimi mwenyewe. Nimeandika mengi kuhusu mishahara, posho na haki za wafanyakazi, kana kwamba dhuluma ni jambo linalotendwa na wengine tu. Leo naomba msomaji anivumilie nizungumzie sindano.

Kofia ya viua, kwa asiyeijua, hushonwa kwa mkono juu ya kitambaa cheupe cha pamba kilichowekwa tabaka mbili. Huwa na vipande viwili, duara la juu na mkanda unaozunguka kichwa. Waomani nao wana kofia ya jamaa moja na hii, wanayoiita kumma, na atakayeshangaa na arejee historia ya Unguja na Muscat. Nakshi huchorwa kwanza kwa penseli, kisha kazi hugawanyika katika mishono miwili isiyofanana kwa tabia wala kwa sifa.

Wa kwanza ni wa viua wenyewe, yaani vile vitundu vidogo vinavyopitisha hewa na mwanga. Mshonaji huchoma kitambaa kwa chuma chenye ncha, akizisukuma nyuzi kando bila kuzikata. Kisha huuzungushia uzi ukingo wa kitundu kwa mishono iliyobanana, akivuta kila mmoja ili kitundu kibaki wazi. Ugumu wote umo katika kule kusukuma. Nyuzi zikikatwa badala ya kutengwa, kiua hupendeza siku ya kuuzwa, lakini kofia ikifuliwa mara chache ukingo huanza kufumuka. Mama mdogo alikuwa na vidole vyepesi vya kazi hiyo. Akimaliza safu, huinyanyua mbele ya taa kuutazama mwanga ukipenya.

Mshono wa pili ni wa kurudi nyuma, na huo ulikuwa wa mama. Sindano hutokeza mbele, hurudi hadi pale mshono uliotangulia ulipoishia, huzama, hupita chini na kutokeza tena hatua moja mbele. Juu huonekana mstari mmoja usiokatika, na chini nyuzi hupishana. Kwa sababu hiyo hula uzi mwingi kuliko bandi, ambayo huenda mbele tu. Na kwa sababu hiyo hiyo, uzi ukikatika mahali pamoja, mstari wote haufumuki. Mistari hiyo ndiyo iliyozishika tabaka mbili pamoja na kuupa mkanda ugumu wa kusimama. Uzi ukivutwa kupita kiasi, kitambaa hukunjamana. Ukilegezwa, mstari hupinda kama njia ya mlevi. Ni mshono usiomshangaza mtu. Hakuna anayeinyanyua kofia mbele ya taa ili auone.

Tulikaa Ng'ambo. Bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka tangu miaka ya 1980, Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake, na kipato cha baba kikaporomoka nayo. Sare zangu, madaftari na mafuta ya taa vilitoka katika kofia. Mwenye duka aliyezinunua alilipa kwa idadi ya viua. Kwa mistari alitoa kitu alichokiita kifuta jasho, kiasi alichokipanga mwenyewe kwa kadiri alivyoamka siku hiyo.

Nilikuwa na umri wa miaka 13 na nilisifiwa kwa hesabu, basi nikakabidhiwa daftari. Kila usiku nilihesabu viua kwa ncha ya pini na kuandika. Ukurasa wa mama mdogo ulijaa tarakimu. Mama hakuwa na ukurasa.

Usiku mmoja akaniambia, bila kuinua uso kutoka kwenye kazi yake, "Mwanangu, na mimi niandikie."

Nikamjibu kwa kiburi cha mtoto aliyeshika namba darasani: "Mama, mstari ni mmoja tu. Hauhesabiki."

Akacheka, akatunga uzi mwingine. Mama mdogo hakucheka. Alifungua pindo la kanga yake, akatoa noti, akaiweka juu ya mkeka kati yao wawili. Mama hakuigusa. Ililala pale mpaka asubuhi, nami sikujua ni nani aliyeichukua.

Nimetumia miaka mingi kuwaeleza wanafunzi kwamba mnunuzi hulipia anachokiona. Si uongo. Wala simwonei mama mdogo kijicho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ngumu na malipo yale aliyastahili. Ninachokiuliza ni kingine: ni nani aliyeamua kwamba kipimo kiwe kiua? Mwenye duka alichagua alichoweza kumwonyesha mteja, na mimi nikauchukua uamuzi wake wa biashara nikaufanya kanuni ya hesabu. Ule mstari "mmoja" ulikuwa mamia ya mishono, nami nilikuwa na pini mkononi.

Ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma mnazijua fomu zetu. Ipo sehemu ya kuandika makala niliyochapisha. Haipo ya mwanafunzi aliyefiwa, ambaye nilikaa naye hadi magharibi asiache masomo. Karani anayewasikiliza watu dirishani tangu asubuhi hupimwa kwa mafaili yaliyofungwa. Wanaozitunga fomu hizo si watu wabaya. Nawafahamu baadhi yao, na huenda nao walisifiwa kwa hesabu wakiwa watoto.

Mama yu hai, ingawa macho hayamruhusu tena kutunga uzi. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimu nikiwa na ile kofia. Baada ya chakula niliivua, nikaomba pini, nikaanza kuhesabu mishono ya mkanda kwa sauti. Nilipofika 318, adhana ikanikatiza, na niliporudi msikitini sikukumbuka nilipoishia.

"Anza tena," mama akasema. "Na hapo kwenye kona uliruka miwili."

Nikamuuliza amejuaje, naye haoni.

"Kona zangu zote zina sita. Wewe ulisema nne."