Saa za Dawa, Saa za Sala

Nimelelewa katika nyumba ya maombi. Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa, na mgonjwa akitajwa tulipiga magoti wote, wakubwa kwa wadogo, tukamwombea apone. Hilo ndilo ombi pekee tulilokuwa nalo kwa mtu anayeumwa. Asipopona tulisema mapenzi ya Bwana yatimizwe, tukaenda kuzika. Siyadharau maombi yale, na hadi leo nayaomba. Lakini Bwana ameipanua imani yangu mahali nisipopategemea, vitandani mwa akina mama wanaougua kansa ya mlango wa kizazi, na hilo ndilo ninalolishuhudia.

Hapa Dar es Salaam, pale ufukweni, ipo hospitali ya kansa ya Ocean Road. Majengo yake ya kale yalijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miaka mingi ndipo mahali pekee nchini ambapo mgonjwa aliweza kupigwa mionzi, mpaka hospitali ya Bugando kule Mwanza ilipoanza nayo. Mionzi ni ya wiki kadhaa, kwa hiyo mama anayetoka Rukwa au Songea hufikia kwa ndugu, Mbagala au Tandika, na kila siku ya kazi hupanda daladala akiwa na maumivu yake. Kikundi chetu cha udiakonia usharikani kilianzia hapo. Tulibeba uji, tukafua mashuka, tukamshika mtu mkono wakati wa kuvuka barabara. Mambo madogo tu, nami nilifurahi kuyafanya.

Kisha tukapelekwa kwa mama mmoja ambaye madaktari walikwisha kumrudisha nyumbani. Ugonjwa ulikuwa umeenea. Kati ya kansa zote, hii ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake nchini Tanzania, na wengi hufika hospitali wakati wa kuitibu umepita. Alikuwa kwa mdogo wake, katika chumba cha uani, dirisha wazi mchana na usiku. Watoto wa nyumba ile walimsalimia mama yao mkubwa kutoka mlangoni. Kilichowazuia kuingia ni harufu, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuitaja.

Muuguzi wa huduma ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, aliyefuatana nasi aliitaja. Aliomba vidonge vya metronidazole, dawa ya kawaida isiyo ghali, akamwelekeza mdogo mtu jinsi ya kuvisaga na kuuweka ule unga penye kidonda. Wiki haikuisha, watoto wakawa wanakaa kitandani kwa mama mkubwa, wanamwonyesha madaftari yao. Nimesikia mahubiri mengi juu ya Lazaro. Sikumbuki hata moja lililokaa juu ya Martha, aliyemwambia Bwana waziwazi kwamba maiti imeanza kunuka, na Bwana hakurudi nyuma.

Palibaki maumivu. Dawa yake ni mofini ya maji. Unga wake hupimwa na kuchanganywa hospitalini, kila chupa ikaandikwa kitabuni kwa sababu ni dawa inayolindwa na sheria. Mdogo mtu alipoisikia akashtuka. "Dada, hiyo si ndiyo wanayovuta vijana vijiweni? Mnataka kummaliza?" Muuguzi alimjibu kwa upole kwamba dozi ikipimwa sawasawa haimwui mgonjwa wala kumfanya teja, na kwamba tatizo kubwa la kuangalia ni choo kufunga, ndiyo maana hupewa pamoja na dawa ya kulainisha. Mzee mmoja wa kanisa alileta hoja nzito zaidi: Kristo mwenyewe alipopewa divai iliyotiwa manemane pale Golgotha, aliikataa. Nilikesha na neno lile. Ndiyo, aliikataa, lakini kikombe kile kilikuwa chake. Mateso ya wengine hakuyaacha yalivyo popote alipokutana nayo. Msalaba ni wa kujitwika mwenyewe; sina ruhusa ya kumtwika mama asiyeweza hata kugeuka kitandani.

Aliianza dawa. Siku chache baadaye nilimkuta ameketi, mto mgongoni, akaniomba kitabu cha nyimbo. Tukaimba. Baadaye akaniambia jambo lililogeuza maisha yangu ya sala: "Mwanangu, siku zile ulipokuwa ukiniombea, nilikuwa nangoja 'amina' tu. Sikusikia kitu. Maumivu yalikuwa yanapiga kelele kuliko wewe." Siku hiyo alitaka apigiwe simu mwanawe mkubwa, ambaye walikuwa hawasemezani kwa ajili ya shamba. Walizungumza mpaka salio likaisha, nikaongeza, wakaendelea. Mofini ilimpa nafasi ya kuungama, kusamehe, kuaga. Mambo ambayo kanisa huyaita ya kiroho yalingoja kijiko cha dawa.

Mofini hiyo hunywewa kila baada ya saa nne. Saa kumi na mbili alfajiri, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne ya usiku dozi kubwa zaidi ili mgonjwa alale hadi kuche. Haingojewi maumivu yarudi. Tuligawana zamu na mdogo mtu, na saa hizo zikawa kwangu kama kengele ya kanisa. Hata nikiwa sokoni, ikifika saa nane moyo wangu huinuka kwa ajili ya mtu fulani. Nimeacha kumwambia Mungu nini cha kumfanyia mgonjwa kabla sijamwuliza mgonjwa mwenyewe anataka nini. Katika Gethsemane Bwana aliwaomba wanafunzi wakeshe naye, basi, na hilo dogo likawashinda. Msamaria naye alianza na mafuta na divai juu ya majeraha, akalipa dinari mbili za nyumba ya wageni, na Luka hatuambii kama alihubiri.

Mama yule hakupona. Alikata roho nyumbani, mdogo wake akiwa amemshika, maumivu yakiwa yametulia. Kabla ya hapo alituachia agizo juu ya kitinda mimba wake aliyebaki kijijini: "Mkamchanje." Chanjo ya virusi vinavyoleta kansa hii ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa sindano moja tu kwa wenye miaka 9 hadi 14. Baada ya maziko, mdogo mtu alimshika mpwa wake mkono, wakaenda zahanati.

Sasa mdogo mtu huyo ndiye anayesimama mbele ya akina mama wa usharika baada ya ibada. Anawaeleza kipimo cha siki: mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na baada ya muda mfupi penye mabadiliko hugeuka peupe, pakatibiwa kabla hapajawa kansa. Anaeleza na harufu, hafichi kitu. Akimaliza anafungua daftari na kuandika majina ya watakaokwenda kupimwa Jumamosi, na wasio na nauli anawaandika upande wa pili, ili kikundi kiwalipie.