Sufuri ya Nane

Majibu ya maabara yalinifikia saa mbili usiku, picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu. Mama alikuwa amepeleka sampuli ya mahindi yake huko kwetu Makueni, kwa sababu mvua iliyakuta yakiwa bado yameanikwa uani. Mimi ndiye msomi wa nyumba, basi nikatumiwa mimi. Kwenye mstari wa sumukuvu paliandikwa 4.2E-08: gramu za sumu katika kila gramu ya mahindi. Kwa nini hawakuandika mikrogramu kwa kilo kama wenzao, sijui hadi leo.

Hiyo E nilikuwa naijua: ni kumi, na kinachofuata ni kipeo chake. Hasi nane. Nikaandika nukta, nikapanga sufuri nane, nikamalizia na 42. 0.0000000042. Kwa mikrogramu, hiyo ni 4.2 katika kila kilo. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya ni 10. Nikampigia.

"Mama, yako salama. Saga tu."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Usingizi ulikataa. Nilikuwa mtoto mwaka 2004, mahindi yenye kuvu yalipoua watu Makueni, Kitui na wilaya jirani: waliougua walikuwa 317, waliokufa 125. Nakumbuka watu wazima wakishusha sauti tulipoingia. Githeri huchemka saa nzima na zaidi, na sumu hiyo haitoki.

Saa tisa nikawasha taa, nikajaribu namba ndogo kabisa. 4.2E-01. Hiyo ni 0.42, mtu yeyote anajua. Kipeo ni moja, lakini baada ya nukta hakuna sufuri hata moja! Nukta imeruka hatua moja kushoto, na hatua hiyo imeivuka ile 4 yenyewe. Basi ikiruka nane, ya kwanza inavuka 4, na saba zilizobaki ndizo zinazojazwa sufuri. Saba.

0.000000042. Mikrogramu 42 kwa kilo.

Nilikaa kitandani nikipiga hesabu ambazo hazikusaidia kitu. Gunia la kilo 90 lingekuwa na sumu isiyofika miligramu nne, uzito mdogo kuliko punje moja ya mchele. Ungeipuliza ikapotea. Na dada yangu ana mtoto wa miaka miwili pale nyumbani, anayekunywa uji asubuhi na jioni.

Saa kumi na moja alfajiri nikapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

"Kuna msiba?" Mama aliuliza.

"Umeshasaga?"

"Madebe mawili. Jana hiyohiyo, mashine ilikuwa bado wazi."

"Mtoto amekunywa uji?"

"Maji ndiyo kwanza yako jikoni."

Nikamwambia ayaepue, nikamweleza kosa langu: sufuri moja iliyozidi. Alinyamaza kidogo. Nilisikia jogoo wa jirani, kisha sufuria ikiwekwa chini.

"Na hayo magunia sita," akasema, "nayafanyaje?"