Moto wa Juu

Bibi yangu wa Tanga hakuwa na oveni maisha yake yote, na nyumba yake haikukosa mkate wa kumimina hata Ramadhani moja. Mchele aliuloweka usiku, asubuhi ukasagwa, ukachanganywa na tui zito, sukari, hiliki na hamira, kisha ukaachwa uumuke. Alasiri alibandika sufuria nzito juu ya jiko la mkaa lenye moto wa kiasi, akaipaka mafuta, akamimina. Uso wa mkate ukianza kutoboka vitundu, aliifunika sufuria kwa sinia na kupalia makaa juu yake. Sisi wajukuu tulikatazwa kugusa, lakini tuliruhusiwa kutazama, na mimi nilitazama sana. "Moto wa chini unashika," alikuwa akisema, "wa juu ndio unaopika."

Sentensi hiyo nimeibeba kazini miaka yangu yote ya upishi, porini na mlimani. Kwa vile moto wenyewe sasa umebadilika kiasi kwamba vijana ninaofanya nao kazi hawajawahi kupalia kaa hata moja, nimeona niandike jinsi keki ya kambini ilivyokuwa ikipikwa, na jinsi inavyopikwa leo.

Pwani kupalia kulikuwa jambo la kila siku. Wali wa nazi ulipaliwa, mkate wa mayai ulipaliwa, na unga wa ngano ulipopatikana, keki nayo ilipaliwa. Nasema ulipopatikana kwa sababu miaka ya mwanzo ya 1980 unga, sukari na mafuta vilikuwa vya foleni. Keki ilikuwa ya Idi au ya harusi, na mwanamke aliyeweza kuitoa nzima, bila kuungua kitako, alijulikana mtaa mzima. Bibi alitandaza mchanga mkavu wa baharini ndani ya sufuria kubwa, akauacha upate moto, ndipo akaweka juu yake sufuria ndogo yenye keki. Mchanga ule ulizuia moto wa chini usiishambulie keki moja kwa moja. Makaa mengi yalikaa juu.

Mjomba alinipeleka Arusha wakati biashara ya utalii inaanza kufufuka. Mpaka wa Kenya uliofungwa mwaka 1977 ulikuwa umefunguliwa tena 1983, na wageni wakaanza kuja kwa njia ambayo hawakuwa wakija nayo zamani: wanalala kwenye mahema, wanazunguka na Land Rover moja yenye dereva na mpishi. Mimi niliingia kama msaidizi wa jikoni. Mpishi niliyekabidhiwa kwake alikuwa mzee wa Kondoa ambaye ujana wake aliumalizia kwenye kambi za wawindaji. Tulimwita Mzee tu, naye mimi aliniita "mwanangu wa pwani".

Mzee alinisimulia majiko ambayo mimi sikuyakuta. Katika kambi zao walikuwa wakitoboa kichuguu kikavu kilichohamwa na mchwa, wakawasha moto ndani yake mpaka kuta zikaiva, wakafagia majivu, wakaingiza mkate na kuziba mlango kwa jiwe. Pasipo na kichuguu walilaza debe ubavu, wakalifukia nusu ardhini na kulifunika kwa makaa. Nilipomwonyesha namna bibi alivyokuwa akipalia, alicheka kwa furaha, akasema kumbe tumesoma shule moja.

Basi niieleze keki yenyewe, kama tulivyoipika Seronera, katikati ya Serengeti. Kuokota kuni hifadhini ni marufuku, hivyo kuni tulinunua njiani, Mto wa Mbu au Karatu, tukazifunga juu ya gari. Mzee alitaka mti mgumu, mgunga hasa, kwa sababu kaa lake linakaa na halirushi cheche nyingi. Moto uliwashwa saa kumi jioni. Mboga na supu vilipikwa kwenye miali, na keki ikasubiri mpaka miali yote imekufa na kubaki makaa mekundu yaliyoanza kuvaa utando mweupe wa majivu. Hapo Mzee alichimba kishimo cha kina cha kiganja, akamwaga makaa koleo moja na kuyatawanya pembeni, katikati akapaacha patupu. Mafiga matatu madogo yalishika sufuria isiguse makaa. Mfuniko aliugeuza juu chini ili ukingo wake uzuie makaa yasiporomoke, na juu yake akaweka koleo mbili zilizojaa.

Koleo moja chini, mbili juu. Wageni wengi walidhani ni mazoea tu, lakini ina sababu yake. Joto la chini linapanda lenyewe na kuingia kwenye chuma, na unga ulio kitakoni unagusana na chuma hicho, kwa hiyo kaa dogo linatosha. Makaa ya juu nayo sehemu kubwa ya joto lake inapotelea hewani, na kinachofika kwenye uso wa keki inabidi kivuke nafasi tupu iliyo chini ya mfuniko. Ukiweka sawa kwa sawa, kitako kitakuwa cheusi na uso ungali uji.

Saa ya kuhesabia hatukuitumia. Mzee aliweka kiganja juu ya mfuniko, juu kidogo, akakiacha hapo mpaka asiweze kuvumilia, na kwa urefu wa uvumilivu wake alijua kama aongeze kaa au apunguze. Baadaye akawa ananusa. Keki mbichi inanukia mayai na siagi. Ikikaribia kuiva harufu ya mayai inaondoka, inakuja ya sukari iliyoanza kuungua kidogo, na hapo una dakika chache tu. Kufunua mfuniko ndiko kulikohitaji mkono mtulivu, maana majivu yakidondoka ndani hakuna dawa. Alipitisha fimbo ya chuma kwenye kishikio, akauinua wima bila kuuinamisha, nami nikachomeka kijiti. Kikitoka kikavu tunaepua. Fisi walikuwa wakija karibu kabisa kwa harufu ile, macho yakimeta kwenye tochi, na ndiyo maana kambi za umma za Seronera zina majiko yaliyozungushiwa nondo na wavu.

Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Pale ndipo nilipoelewa kwamba moto si mwenye keki peke yake, hewa nayo ina fungu lake. Huko juu hewa ni nyepesi, gesi ya beking pauda inatanuka kwa urahisi, keki inafura haraka kabla unga na mayai havijashikamana, kisha inatitia katikati. Mzee alipunguza pauda kwa nusu, akaongeza yai na maziwa kidogo, na sukari akaipunguza pia. Hakuwa na maelezo ya hewa wala gesi. Alijua Simba inataka hivyo, na Seronera inataka vingine. Upepo wa pale ulikula makaa ya juu, tukayawekea kinga ya mabati. Keki ilitoka nzuri, imekaza kidogo, na wageni waliokuwa wakitetemeka ndani ya majaketi waliila ingali moto.

Kisha nikahamia mlimani, na huko moto wa juu ukaniishia.

Kilimanjaro hakuna kuwasha kuni. Wapishi wa zamani waliwahi kukoka moto wakipanda na wageni, na mapango kadhaa yangali na masizi, ila mimi nilikuta marufuku tayari, na naiunga mkono kwa moyo wote. Msitu ule ndio unaokamata mawingu na kulisha vijito vya Wachaga na mto Pangani. Juu ya msitu kuna vichaka vinavyokua polepole mno na kushika moto upesi mno. Oktoba 2020 tuliona wote: moto uliwaka upande wa njia ya Marangu siku nyingi, ukionekana Moshi mjini usiku, na mamia ya watu wakapanda kuuzima kwa matawi na majembe. Mtu aliyeuona mlima ukiwaka vile hawezi kuzililia kuni.

Tukapika kwa jiko la mafuta ya taa, baadaye kwa gesi. Majiko hayo yote yanatoa moto upande mmoja, wa chini. Mlima una sheria yake nyingine pia, ya uzito: mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, na unapimwa getini. Mtungi wa gesi ya kilo 15 ukijumlisha chuma chake unapita kiwango hicho, hivyo unaopanda ni mtungi mdogo wa kilo 6. Gesi hiyo ni ya chai, supu, wali, maji ya kunywa ya kundi zima, wageni na wagumu, yaani wapagazi. Mpishi anayetaka kuoka keki saa nzima anakopa kwenye maji ya kunywa ya watu, na kiongozi wa safari atamuuliza, tena kwa haki.

Na bado keki inatakiwa. Mgeni anatimiza miaka 50 akiwa kambi ya Barranco, maharusi wapya wako kambi ya Karanga, na ofisi imeshaahidi kwa barua pepe. Wapishi wa mlimani wakatafuta njia nyingine: mvuke. Sufuria ndogo ndani ya kubwa, maji kidogo chini, mfuniko umefungwa kwa kitambaa, au sufuria ya presha. Inaiva, tena inakuwa laini na haikauki. Ila inatoka nyeupe, haina ngozi, haina ile harufu ya sukari iliyoungua, kwa sababu mvuke, hata wa presha, haupiti sana joto la maji yanayochemka, na rangi ya kahawia inataka joto kubwa zaidi ya hapo. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kambi ya Barafu, mita 4,600 na zaidi, yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi badala ya 100. Keki ya dakika 40 Moshi inataka zaidi ya saa moja Barafu. Wengi wanaifunika kwa chokoleti au jamu ili weupe usionekane, wanaandika jina la mgeni kwa sukari, wagumu wanaimba Jambo Bwana, na mgeni analia machozi ya kweli. Machozi yale nayaheshimu. Ni kazi ngumu iliyofanywa ndani ya hema, kwa vidole vilivyokufa ganzi.

Lakini mimi nilikulia kwenye moto wa juu, na weupe ule ulinikera. Nilianza kubeba kikaango kizito cha chuma. Keki ikishashikamana kwa mvuke, naiepua, nakipasha kikaango juu ya gesi mpaka kianze kutoa moshi, kisha nakigeuza na kukilaza juu ya ukingo wa sufuria ya keki. Joto la chuma linashuka juu ya uso. Kikipoa nakirudisha motoni, na mara ya pili au ya tatu uso unageuka dhahabu. Gesi inayotumika haizidi ile ya kuchemsha birika moja. Ni kupalia kule kule kwa Tanga, bila kaa.

Porini nako moto wa kuni umepungua. Kambi za mahema za Serengeti siku hizi zina oveni za gesi, nyingine za umeme wa jua, na keki zake zingepita hotelini mjini. Vijana wanaokuja kutoka vyuo vya Njiro, Arusha, wanapima kwa gramu, wanajua joto kwa nyuzi, wanaandika kila kitu, na mapishi yao yanatoka sawa leo na kesho. Hilo Mzee hakuliweza. Nyumbani Tanga dada yangu ana jiko la gesi lenye oveni, na mkate wa kumimina wa Ramadhani anaupa rangi kwa moto wa juu wa oveni hiyo, bila moshi machoni. Bibi alikohoa miaka mingi kwa sababu ya mkaa. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na ningependa lifikiwe mapema zaidi, kwa ajili ya mapafu ya akina mama kuliko kwa ajili ya miti.

Kinachonisumbua ni kimoja. Ujuzi wa wapishi wa kambi haujaandikwa. Kila mpishi anaanza upya, anajifunza kwa kuunguza mali ya mwajiri, na akistaafu anaondoka nao. Ndiyo maana nimeanza kuweka daftari la vipimo kwa kila kambi: pauda kiasi gani Simba, kiasi gani Shira, mayai mangapi Barafu, maji ya mvuke yaongezwe lini. Vijana wanalipiga picha kwa simu.

Safari iliyopita kijana mmoja wa Marangu aliniomba kikaango changu, akakipima kwenye mizani ya getini, akatikisa kichwa. "Shikamoo mzee, lakini hiki kinamla mtu mgongo." Yeye anatumia bamba jembamba la chuma lililokatwa kutoka kwenye plau chakavu, limetobolewa tundu la kuning'inizia kwa waya, zito kidogo tu kuliko sahani. Analipasha, anaifunika keki, na juu ya bamba anatandika karatasi ya alumini iliyokunjwa ili joto lisikimbie. Karanga aliipika mbele yangu, keki ya mdalasini, akaigawa kwa wageni na kwa wagumu vipande sawa. Uso wake ulikuwa wa kahawia mpaka pembeni kabisa. Kipimo cha bamba lake nimekiandika daftarini, na nimemwagiza anikatie langu.