Tangawizi za Uani, Usinge

Treni ya Kigoma huingia Usinge ikiwa imejichokea, nasi abiria vivyo hivyo. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kabla sijashusha begi, kina mama walishanizunguka na karanga za kuchemsha na matobolwa. "Mwangaluka!" nikawasalimu kwa Kinyamwezi cha kuokoteza, wakacheka, mmoja akaniongeza karanga.

Reli hii ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikawatua mizigo wapagazi wa Kinyamwezi waliosafirisha pembe za ndovu kati ya Ujiji na Bagamoyo. Siku hizi njiani ni baiskeli zenye madumu ya asali, na tope linalokuvua kandambili.

Nilikuja kwa ajili ya ua wa nyumba moja yenye mwembe mkubwa. Chini ya kivuli chake, ndani ya masufuria makuukuu na ndoo zilizopasuka, mama mwenyeji amepanda tangawizi pori. Hazitiwi kwenye chai. Ni za kutazama tu. Petali zake zina rangi ya waridi inayokaribia zambarau, nyepesi kama kanga iliyofuliwa miaka, na katikati pana doa la manjano. Wataalamu huziita Siphonochilus kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa konseli wa Uingereza Unguja. Mimi naziona nzuri kuliko maua yote ya kununua mjini.

"Shikamoo mama. Kiangazi unazimwagilia?"

"Marahaba. Thubutu! Tunguu litaoza, mwanangu. Liache lilale, mvua ya Novemba italiamsha."

Ua moja hukaa kama siku moja tu, kesho linachanua jingine. Basi tukakaa kulitazama hadi ugali ukaiva, na uyoga wa porini uliopikwa kwa karanga. Nilikula nikasahau adabu.

Alasiri kaka mmoja mrina asali alinipeleka kwenye miyombo. Mbung'o walitusindikiza wakituuma hadi kupitia shati. Zile tangawizi zilikuwepo, zimejitokeza kwenye majani makavu, na nikainama nichimbe tunguu moja.

"Sasa hivi utaliua. Njoo Juni, majani yakishakauka."

"Nitalionaje Juni, pakiwa pakavu?"

Akabandua ugwe wa gome la myombo, ule ule anaofungia mizinga, akaufunga kwenye mche wa jirani, mafundo mawili, kisha akanihimiza tuondoke kabla mbung'o hawajatumaliza.