Kufa, Kuganda na Kuzimika

Makosa ya mwalimu wa lugha kwa kawaida hukaa ubaoni, na kengele ikilia hufutwa. Kosa ninalotaka kuwasimulia walimu wenzangu halikufutika kwa urahisi huo, kwa maana lilimkosesha kijana mmoja baiskeli yake kwa siku 17, na baiskeli hiyo ndiyo iliyokuwa ikimpatia riziki. Nalo lilitokana na kitenzi kimoja tu: kufa.

Hapa Kabingo, katika Wilaya ya Isingiro, kipo kibanda cha mabati kando ya barabara ambamo vijana hulipa shilingi 500 wakacheza kandanda katika kompyuta. (Nasema kompyuta. Najua wapo wenzetu wapendao tarakilishi, na wengine walitujaribishia ngamizi. Lakini katika kibanda kile neno ni kompyuta, na kwa wale watokao Kongo ni mashini.) Wateja ni wa kila namna: wana wa wakulima wa ndizi wa hapa hapa, ambao nyumbani husema Kinyankole, na vijana watokao katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Katika kibanda kile kilikuwa cha lazima tangu zamani, kwa kuwa bila hicho huwezi kumwambia mwenzako kwamba mchezaji wake ameotea.

Kompyuta yenyewe ni kongwe. Ina prosesa ya Core 2 Duo, ya jamii iliyoanza kuuzwa mwaka 2006, kumbukumbu ya gigabaiti mbili, kadi ya picha yenye feni yake, na Windows 7, ambayo watengenezaji waliacha kuitunza Januari 2020. Kwa kuandikia barua yatosha sana. Kwa michezo ni kama mzee aliyeambiwa apande mlima na gunia begani: atapanda, ila mtu awe karibu kuangalia pumzi yake.

Basi, kijana mmoja mzaliwa wa Bukavu alileta mchezo mpya katika flashi, ule wa San Andreas wenye magari na bunduki, ambao ulitolewa kwa kompyuta mwaka 2005. Akauingiza kwa idhini ya mwenye kibanda. Siku tatu baadaye kompyuta ikaanza vituko. Mwenye kibanda hakuona haja ya kutafuta mbali: flashi imeleta virusi, virusi vimeharibu kompyuta, mwenye flashi alipe shilingi laki mbili. Kwa kuwa kijana hakuwa nazo, baiskeli yake, aliyokuwa akibebea watu madumu ya maji kwa malipo, ikafungwa kwa mnyororo nyuma ya kibanda. Mimi nikaitwa niamue, kwa sababu mbili: ni mwalimu, na nina bisibisi.

Nikamuuliza kijana kilichotokea. Akajibu, “Mashini ilikufa, Mwalimu. Ilikufa mara tatu.” Nikauliza, “Nani aliiua?” Akanyamaza, akatazama chini, kama afanyavyo kijana mwenye adabu asemeshwapo kwa ukali na mtu mzima. Nami nikalichukua neno lake kuwa ungamo, na ukimya wake kuwa ushahidi. Nikamwambia mwenye kibanda kwamba dai lake lina msingi, nikaenda zangu nyumbani. Lau sentensi ile ningaliikuta katika daftari la mwanafunzi, ningaliizungushia kalamu nyekundu papo hapo. Ni kitu gani kifacho mara tatu?

Jioni ya pili nilipita pale nikasikia kelele za goli. Maiti alikuwa akicheza kandanda. Mtoto aliyekaa mlangoni akanieleza, bila kushangaa hata kidogo, kwamba mashini ilikufa jana na leo imeamka. Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo nilikuwa nalijua siku zote, kwamba katika Kiswahili cha Kivu kufa si kwa wenye roho peke yao. Saa hufa, tochi hufa, pikipiki hufa. Fundi akiishika, hupona. Nasi wengine pia husema gari limekufa, ila kinywani mwetu neno hilo limebeba kukata tamaa. Kinywani mwa yule kijana lilikuwa na maana ya kusimama tu.

Niliona haya, lakini haya zangu hazikuweza kufungua mnyororo. Mwenye kibanda alitaka sababu ya ubovu, si somo la lahaja.

Nikaanza upya, kwa kuwauliza wachezaji mmoja mmoja wameona nini. Mrundi akasema imezimika. Msomali akasema imeganda. Mwanafunzi wangu mwenyewe, mtoto wa Kabingo, akasema mchezo umejitoa. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeyaandika maneno hayo ubaoni, pamoja na kukwama na kugoma, nikayaita yote visawe vya kuharibika. Sasa nilipowaomba wanionyeshe kwa mikono kile walichokiona, niligundua kwamba hapakuwa na visawe. Kila mmoja alikuwa akieleza tukio lake.

Mchezo ukijitoa, maana yake dirisha la mchezo limefungika peke yake na kompyuta nyingine yote ingali hai. Hapo mtu hushuku kwanza mchezo wenyewe: huenda faili limepungua au limeharibika katika kunakiliwa, au programu inayoendesha kadi ya picha haipatani nao. Kompyuta ikiganda, picha husimama na sauti hukariri silabi moja kama kasuku mgonjwa. Hapo hushukiwa kadi ya picha, kumbukumbu, au joto. Ikizimika, taa na feni zote hunyamaza mara moja kana kwamba mtu kachomoa waya. Jambo hilo ni nadra kuwa kazi ya virusi, na mara nyingi hutoka katika umeme au katika prosesa inayojilinda isiungue. Kuna na jambo la nne, kujiwasha upya, ambalo ni la hila kidogo. Windows huwa imepangwa ijiwashe yenyewe ipatwapo na kosa zito, hata ule ukurasa wa buluu wenye namba ya kosa hupita upesi usisomeke. Katika mipangilio ya mfumo ipo alama ambayo ukiiondoa, ukurasa hubaki mpaka uunakili.

Nikanunua daftari la kurasa 48, nikalipiga mistari: saa, mchezo gani, na kitenzi. Nikawaambia vijana wasiandike imeharibika, waandike ilichofanya. Mwenzangu mmoja wa shuleni alipoliona daftari hilo alicheka akaniuliza kama nimeanza kuwatumikia watoto wavivu. Nilimtajia Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda hii hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hata akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta, naye alikuwa akitembea saa tatu kwenda kuichaji. Akajifundisha kutengeneza michezo, akatunga mmoja kuhusu amani akauita Salaam, na mwaka 2018 akatunukiwa heshima katika tuzo za michezo ya kompyuta huko Marekani. Mwenzangu akasema huyo ni mmoja. Ni kweli, ni mmoja, sikuwa na jibu jingine.

Wiki moja ya daftari ilitupa mambo mawili ambayo hayakuwa na uhusiano. Kujitoa kulitokea katika San Andreas peke yake, saa yoyote. Kuzimika kulitokea katika michezo yote, hata ile kandanda ya zamani, na karibu kila mara kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri, mabati yakiwa yamepata moto. Kumbe tulikuwa na maradhi mawili katika mwili mmoja, na sisi tulikuwa tumeyapa mhalifu mmoja. Tuliufuta mchezo wa kijana: nakala yake kweli ilikuwa pungufu, na katika hilo alikuwa na sehemu yake ya lawama. Kujitoa kukakoma siku ile ile. Kuzimika kukaendelea kama kawaida.

Mwenye kibanda alitaka tufanye kila kitu kwa pamoja: tufute Windows, tusafishe, tubadilishe kumbukumbu, tumalize. Nilikataa, tukakaribia kukosana. Nilimwambia, “Mzee, tukibadilisha mambo matatu leo na mashini ikapona, ni lipi tutakalosema lilikuwa ugonjwa? Na baiskeli ya mtoto wa watu tutaihukumu kwa lipi?” Akakubali kwa shingo upande, tukawa tunafanya jambo moja, kisha tunaliacha siku mbili tuone.

Kwanza ilikuwa vumbi. Aliyewahi kusafiri katika barabara za moramu za Isingiro wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa, ambayo kazi yake ni kutawanya joto, yalikuwa yamezibwa kwa kitu kama blanketi jekundu lenye mabawa ya nzi ndani yake. Tuliyasugua kwa brashi ya rangi, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli ile ile iliyofungwa mnyororo, huku mtu akiishikilia feni kwa kidole isizungushwe na upepo. Grisi ya kupitishia joto ilikuwa imekauka ikawa chokaa. Tukapangusa, na siku mbili baadaye tukaweka nyingine iliyotoka Mbarara, kiasi cha choroko moja, si zaidi. Prosesa za namna hii hupunguza mwendo zikaribiapo nyuzi 100 za Sentigredi, na joto likizidi hapo hujizima. Baada ya kazi hiyo kuzimika kulipungua, kutoka mara tano kwa alasiri hadi mara moja au mbili. Kulipungua tu.

Kumbukumbu ilifuata. Tulichomoa vibao viwili, tukasafisha meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, tukaendesha programu ya kuvipima usiku kucha. Havikuwa na kosa lolote.

Kikabaki kikasha cha umeme, kile kipokeacho volti 240 za ukutani na kugawa volti 12, 5 na 3.3 ndani. Kikasha hiki hatukukifungua, na nawasihi wasomaji wasikifungue, kwa kuwa vikapasita vyake huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa. Tulimulika kwa tochi ya simu kupitia matundu yake. Kapasita nzima ina kichwa bapa kama sarafu. Mbili tulizoziona zilikuwa zimevimba vichwa kama maandazi, na moja imetoka utando wa kahawia. Kazi ya kapasita pale ni kama ya tangi la maji juu ya dari: kuweka akiba ili bomba lisikatike wengi wanapofungua pamoja. Mtu akiandika barua, kompyuta hunywa kidogo, na hata tangi lililotoboka humtosha. Mchezo ukipamba moto, kadi ya picha pekee huweza kuhitaji wati 60 au hata 100. Volti 12, ambazo hazitakiwi kushuka chini ya 11.4, huporomoka, na kila kitu huzimika. Ndiyo maana ilionekana kwamba michezo ndiyo iliyoua. Kikasha kilikuwa kimeanza kuchoka kabla ya flashi ile kufika Kabingo. Mchezo mpya na mkubwa ulikidai zaidi ya kilichokuwa nacho.

Jumamosi nilikwenda Mbarara nikarudi na kikasha kilichotumika, shilingi 45,000, nusu yangu na nusu ya mwenye kibanda. Tulikifunga baada ya sala ya alasiri. Vijana wakacheza kwa zamu mpaka usiku, na daftari likabaki jeupe. Likabaki jeupe siku ya pili, na ya tatu.

Siku ya nne mwenye kibanda alifungua mnyororo. Hakusema kitu, lakini nilimwona akijaza upepo katika magurudumu kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nilimwomba kijana radhi mbele ya wale wale waliokuwapo siku niliyomhukumu, nikaeleza kosa langu lilikuwa wapi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza, “Sasa kwenu, Mwalimu, mashini ikisimama munasemaka nini?” Nikamtajia maneno yote manne. Akayakariri, akasema ni mengi.

Siku hizi daftari lile analishika yeye, kwa ujira mdogo, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Huandika imezimika panapostahili imezimika, na imeganda panapostahili imeganda. Juma lililopita nilikuta mstari mmoja: saa kumi, kandanda, ilikufa kidogo. Nikamwuliza kufa kidogo ni kufa gani. Akaniita nikae, tukangoja, mpaka mpira ulipokuwa hewani na picha ikasimama kwa muda wa pumzi mbili, kisha ikaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Nilitafuta kitenzi cha kumpa badala ya kile, sikukipata, nikamrudishia kalamu.