Bampa la Staa Limetoka Maposeni, Siyo Dubai!

Wadau, kuna staa mmoja, jina kapuni, anatamba mtandaoni na bampa jipya la nyuma la Land Cruiser yake. Eti kaagiza Dubai! Mimi nimeliona likitengenezwa hapa hapa Maposeni, jirani na Peramiho, ambako karakana za Wabenediktini zimetoa mafundi miaka na miaka.

Fundi alianza na kipimo cha boksi, akakata chuma cha milimita 4, akakichomelea, akapiga grinda mpaka kona zikalainika. Zile ndoano za kuvutia gari hakuzining'iniza kwenye bodi. Alizifunga kwa bolti hadi kwenye chasisi. Mvua za Ruvuma mnazijua: gari likikwama kwenye tope likavutwa, ndoano dhaifu inachomoka kama risasi. Inaua mtu.

Sasa fundi huyu hana meneja wala bango. Tangazo lake ni hilo bampa. Ukisema Dubai, umemfukuzia wateja wote waliolipenda kwenye picha yako. Hela ulimlipa, sawa, lakini jina lake je? Mtag fundi wa watu, bosi. Au nasema uongo wadau?