Wang'uru, Mbali na Lami

Anayepita Wang'uru, Mwea, kwa matatu ya Embu huona mchele. Kando ya barabara wanawake wamepanga magunia ya pishori, gorogoro juu ya rundo, na gari likipunguza mwendo tu wanalikimbilia na mifuko iliyokwisha kupimwa. Nyuma yao mashine za kukoboa zinanguruma. Abiria hununua kilo mbili tatu akaondoka, akiamini ameiona Mwea.

Robert Chambers, mwanafikra wa maendeleo, alionya kwa miaka mingi dhidi ya macho ya namna hiyo. Alikuja Kenya mwaka 1958 kama ofisa wa serikali ya kikoloni, akageuka mtafiti, na mwaka 1973 yeye na Jon Moris wakahariri kitabu kizima kuhusu mradi wa umwagiliaji wa Mwea. Katika kitabu chake maarufu cha 1983 aliwachambua wataalamu wanaofuata lami, wanaokuja wakati wa kiangazi na kuzungumza na wanaume wenye vyeo.

Basi nikachukua boda boda, tukaifuata njia ya udongo kandokando ya mfereji. Mifereji ya kwanza ya Mwea ilichimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, na ningependa kila mnunuzi wa pishori alijue hilo.

Majarubani wanawake walikuwa wameinama wakipandikiza miche, tope likiwafika magotini. Sura ninayoithamini zaidi katika kitabu cha 1973 inawahusu hao. Moris aliiandika pamoja na Jane Hanger. Shamba lilikuwa kwa jina la mume na malipo ya mpunga yalikwenda kwake, ilhali mke aliyeshinda topeni alihitaji pesa za kununua hata kuni.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakulima waliasi na kuikatalia bodi ya serikali iliyosimamia mradi mpunga wao. Sasa kuna bwawa la Thiba, lililozinduliwa mwaka 2022. Lakini mfereji hushibisha kwanza walio karibu na mlango wake, na Chambers aliandika kuhusu watu wa mwisho wa mfereji katika kitabu kingine, cha mwaka 1988. Mgeni rasmi akija Wang'uru, naomba apelekwe huko mwisho kabla ya kuonyeshwa bwawa, na aanze kwa kuwauliza wanawake.